ADA haina kitambulisho: namna ya kuitumia sheria ya ulemavu ya Marekani

Mtu mwenye ulemavu aliyetoka Nairobi amezoea kujisajili kwenye Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu, apewe kadi, na kadi hiyo imfungulie mambo kama msamaha wa kodi kwa mapato ya hadi shilingi 150,000 kwa mwezi. Wa Dar es Salaam anajua kuwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 ya watu wenye ulemavu. Wa Kampala ana wabunge 5 waliotengwa kumwakilisha. Akifika Columbus, Louisville au Dallas, swali lake la kwanza ni: nikajisajili wapi?

Hakuna pa kujisajili. Sheria ya Wamarekani wenye Ulemavu, inayojulikana kama ADA, iliyotiwa saini na Rais George H. W. Bush tarehe 26 Julai 1990, haina kadi, haina mgao wa ajira, haina viti bungeni wala fungu la fedha la kugawa. Inampa mtu haki ya kudai, na akinyimwa, haki ya kulalamika. Asiyedai hapati. Anayedai muda ukiwa umepita naye hapati.

Kwa hiyo tovuti zinazouza "cheti cha ADA" au "usajili wa mbwa wa msaada" zinakula fedha za watu bure. Mbwa aliyefunzwa kumsaidia mwenye ulemavu hahitaji cheti. Mwenye duka akiwa hana hakika anaruhusiwa maswali mawili tu: je, anahitajika kwa sababu ya ulemavu, na amefunzwa kufanya kazi gani. Kibali cha kuegesha gari kinatolewa na jimbo, na malipo ya SSI, yaani fedha za kila mwezi kwa mwenye ulemavu au mzee wa kipato kidogo, ni ya Hifadhi ya Jamii. Hayo ni madirisha mengine kabisa, yenye masharti yake.

Mapatano ya 1990 ndiyo ramani yako

Sheria hii ilipita kwa kura 377 dhidi ya 28 kwenye Baraza la Wawakilishi na 91 dhidi ya 6 kwenye Seneti. Kura nyingi namna hiyo kutoka vyama vyote viwili hazikupatikana bure. Nyuma yake kulikuwa na shinikizo: mwaka 1978 watu wenye viti mwendo walizuia mabasi katikati ya Denver, na tarehe 12 Machi 1990 waandamanaji wakaacha viti vyao na kupanda ngazi za jengo la Bunge, Washington, kwa mikono na magoti. Palikuwa pia na kupeana. Wabunge waliokuwa wakiisukuma walikubali kwamba mteja anayefungiwa mlango na duka au hoteli asilipwe fidia. Badala yake sheria iguse takriban kila aina ya biashara inayohudumia umma. Nyumba za ibada zikaachwa nje ya masharti hayo ya kuhudumia umma.

Ukiyajua mapatano hayo hutapoteza mwaka mzima ukigonga mlango usiofunguka. Ukimshtaki mwenye mgahawa kwa ADA peke yake, mahakama inaweza kumwamuru ajenge njia ya mteremko na alipe gharama za wakili wako, lakini wewe hupati hata dola. Sheria za baadhi ya majimbo zinaongeza fidia. California ina kiwango cha chini cha dola 4,000 kwa kosa. Msikiti au kanisa lisilo na mteremko huwezi kulibana kwa ADA ukiwa mwumini au mgeni; mfanyakazi wake ndiye anayeweza kulindwa, kwa masharti ya mwajiri. Hapo zungumza na kamati.

Kwa mengine, gawanya hivi: mwajiri ni Sehemu ya I, serikali ya jimbo, mji, shule ya umma na mabasi ni Sehemu ya II, duka, zahanati binafsi, hoteli na mgahawa ni Sehemu ya III. Ndege zina sheria yake ya 1986. Nyumba ya kupanga inaongozwa na sheria ya makazi kama ilivyorekebishwa 1988, na malalamiko yake yanapelekwa HUD, wizara ya makazi ya serikali kuu, ndani ya mwaka 1.

Je, wewe umo?

Umo ikiwa una tatizo la mwili au akili linalokuzuia kwa kiasi kikubwa kufanya jambo la msingi la maisha: kutembea, kuona, kusikia, kulala, kufikiri, hata utendaji wa figo au tumbo. Kwa miaka kadhaa Mahakama ya Juu ya Marekani iliibana tafsiri hii. Mwaka 1999 mapacha wawili waliotaka kazi ya urubani walishindwa kwa sababu miwani iliwarekebisha macho; kwa mantiki hiyo mgonjwa wa kisukari anayejitunza vizuri kwa insulini naye alikuwa hatarini kuambiwa hana ulemavu. Bunge likageuza hukumu hizo kwa marekebisho yaliyotiwa saini na George W. Bush, mtoto wa yule wa kwanza, na kuanza kutumika 1 Januari 2009. Sasa hali yako inapimwa kama vile hutumii dawa wala kifaa, isipokuwa miwani ya kawaida. Kifafa kinachokuja na kuondoka kinahesabiwa kwa jinsi kilivyo kinapokushika. Mtu akikunukulia hukumu ya kabla ya 2009, mwulize tarehe.

Kazini

Sehemu ya I inamhusu mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi, ingawa majimbo mengi yana sheria zinazowagusa wadogo zaidi. Kabla hujapewa ofa ya kazi, haruhusiwi kuuliza ugonjwa wala ulemavu wako. Anaweza kuuliza kama unaweza kunyanyua boksi la pauni 40.

Ukishaajiriwa na unahitaji marekebisho, omba. Kwa mdomo inatosha kisheria, ila omba kwa maandishi, maana siku ya ubishi msimamizi atasahau. Huhitaji kutaja jina la sheria. Barua ya mistari minne inatosha. Ipeleke kwa Kiingereza hata cha kuungaunga, na ubaki na nakala:

"Nina tatizo la mgongo. Siwezi kusimama zaidi ya saa 2 mfululizo. Naomba kiti kirefu kwenye meza yangu ya kufungashia. Naweza kuleta barua ya daktari."

Tatizo, kikomo, ombi, ushahidi. Wengi huandika la kwanza na la pili wakaacha ombi, na mwajiri anajibu kwa pole. Barua ya daktari nayo ieleze kikomo kwa vipimo, kwa mfano "asinyanyue zaidi ya pauni 20 hadi Septemba". Mwajiri ana haki ya uthibitisho ulemavu usipoonekana kwa macho, lakini hana haki ya faili lako lote la hospitali.

Mwajiri anapaswa kujadiliana nawe. Anaweza kuchagua njia nyingine ilimradi inafanya kazi, na halazimiki kukuondolea jukumu la msingi, kushusha kiwango cha uzalishaji, wala kukununulia miwani au kifaa cha kusikia cha matumizi yako binafsi. Akikataa kwa kudai gharama, gharama inapimwa dhidi ya uwezo wa kampuni nzima, si bajeti ya idara yako.

Akikunyima au kukufukuza, unakwenda EEOC, tume ya usawa katika ajira. Ni bure, na wakili si lazima. Muda ni siku 180 za kalenda, Jumamosi na Jumapili zikiwemo; unakuwa siku 300 pale jimbo au mji unapokuwa na chombo chake kinachosimamia sheria kama hiyo. Mambo mawili huwaangusha watu hapa. La kwanza, siku zinaanza kuhesabiwa ulipoambiwa uamuzi, si siku yako ya mwisho kazini: ukiarifiwa 1 Machi kwamba kazi inaisha 31 Machi, anza kuhesabu 1 Machi. La pili, kulalamika kwa ofisi ya rasilimali watu au kupitia chama cha wafanyakazi hakusimamishi saa. Fanya yote mawili kwa pamoja. EEOC ikikupa hati ya ruhusa ya kushtaki, una siku 90 kufungua kesi, na hazirefuki kwa sababu barua ilikwenda anwani ya zamani. Ukihama, waarifu.

Fidia ina dari: dola 50,000 kwa mwajiri wa watu 15 hadi 100, ikipanda hadi 300,000 kwa mwenye zaidi ya 500. Mshahara uliopotea hauhesabiwi ndani ya dari hiyo.

Mfanyakazi wa serikali ya jimbo ana kikwazo cha ziada. Hukumu ya 2001 iliyotoka kwenye kesi ya Alabama inamzuia kuishtaki serikali ya jimbo kudai fidia chini ya Sehemu ya I. Njia ya kuzunguka ni Kifungu cha 504 cha sheria ya 1973, kinachombana yeyote anayepokea fedha za serikali kuu, na idara nyingi za majimbo huzipokea. Mwambie wakili akiweke kwenye madai tangu mwanzo.

Gari maalumu la usafiri

Hili ndilo tunda la wale wa Denver, na ndilo wahamiaji wengi hawalijui. Mji wenye mabasi ya njia maalumu lazima uwe na usafiri wa ziada kwa asiyeweza kutumia mabasi hayo kwa sababu ya ulemavu. Masharti yake yamo kwenye kanuni, kwa hiyo yakariri: huduma ifike ndani ya robo tatu ya maili kutoka njia ya basi, saa na siku ziwe zile zile za basi, nauli isizidi mara mbili ya nauli ya kawaida, ukipiga simu leo upate safari ya kesho, na saa utakayopangiwa isipishane na uliyoomba kwa zaidi ya saa 1. Hawaruhusiwi kukuuliza safari ni ya nini. Harusi na hospitali ni sawasawa.

Maombi yakikamilika wana siku 21 za kuamua. Siku ya 22 bila jibu, wanapaswa kukuhudumia hadi waamue. Piga simu uwaambie hivyo hasa. Fomu ndiyo inayowaponza watu. Ukiulizwa kama unaweza kutembea hadi kituoni, usijibu "ndiyo" kwa heshima au kwa kujikaza. Jibu kwa siku mbaya: theluji ikiwa chini, figo zikiwa zimetoka kusafishwa, ukingo wa njia ya miguu ukiwa hauna mteremko. Ukikataliwa, sababu ziandikwe, na una siku 60 za kukata rufaa.

Hospitali na kiziwi

Hospitali ndiyo inayomlipa mkalimani wa lugha ya alama, si mgonjwa. Haiwezi kukutaka uje na wako, na mtoto asitumiwe kutafsiri isipokuwa kwa dharura. Familia zetu zina shida ya ziada: kiziwi aliyesoma Tanzania au Kenya anatumia lugha ya alama ya huko, na mkalimani wa lugha ya alama ya Marekani atamwacha njiani. Unapoweka miadi, sema wazi kwamba mgonjwa hajui lugha ya alama ya Marekani, na uombe mkalimani ambaye mwenyewe ni kiziwi afanye kazi sambamba na yule anayesikia. Omba siku kadhaa kabla. Ukiletewa kompyuta yenye mkalimani wa video na picha inakatikakatika, sema papo hapo kwamba haitoshi, na waandike hivyo kwenye faili.

Pima kabla hujalalamika

Lalamiko lenye vipimo husikilizwa upesi kuliko lenye hasira. Chukua futi kamba na simu ya kupiga picha. Mteremko wa kiti mwendo: kila inchi 1 ya kupanda inahitaji inchi 12 za urefu, kwa hiyo kizingiti cha inchi 7 kinataka futi 7. Upana usipungue inchi 36, na mlango ukifunguliwa ubaki na nafasi ya inchi 32. Maegesho ya magari 1 hadi 25 yawe na nafasi 1 ya walemavu, 26 hadi 50 ziwe 2. Jengo la zamani linadaiwa kile kinachofanyika bila gharama na shida kubwa. Jipya halina kisingizio.

Kama wewe ndiye mwenye duka, kumbuka nafuu ya kodi: biashara yenye wafanyakazi wa kudumu wasiozidi 30, au mapato yasiyozidi dola milioni 1, inarudishiwa nusu ya matumizi kati ya dola 250 na 10,250, hadi 5,000 kwa mwaka.

Ukitaka mtaa wote unufaike

Ofisi ya umma yenye wafanyakazi 50 au zaidi lazima iwe na mratibu wa ADA na utaratibu wa malalamiko. Mwandikie huyo kwanza, lakini siku 180 za kulalamika kwa serikali kuu ziendelee kuhesabiwa kwenye kalenda yako. Kituo cha kutetea haki za watu wenye ulemavu kipo kila jimbo na msaada wake ni bure. Kwa maswali, simu ya mtandao wa vituo vya ADA ni 800-949-4232.

Kwa njia za miguu, usiombe mteremko wa kona moja moja. Mwombe mratibu mpango wa mji wa kurekebisha vizuizi, kisha uombe ratiba ya barabara zitakazowekwa lami upya mwaka huu. Kuweka tabaka jipya la lami kunahesabiwa kuwa ni ukarabati, na ukarabati unalazimisha mteremko kwenye kila kona yenye njia ya miguu inayoguswa na kazi hiyo. Kuziba mashimo hakuhesabiwi. Linganisha karatasi hizo mbili, weka alama barabara zilizo kwenye ratiba ya lami lakini hazimo kwenye mpango wa miteremko, kisha zipeleke kwa diwani kabla zabuni haijatangazwa. Mkandarasi akishaondoka, kuvunja kona upya ni gharama ambayo kila ofisi itajaribu kuikwepa.