Mteja akisema "mawazo yananijia": namna ya kuongea naye

Kwa mshauri nasaha anayeanza kazi huku Pemba, hivi ndivyo ninavyokaa na wateja wangu Chake Chake. Mifano nimeichanganya, usimtafute mtu ndani yake.

1. Maliza salamu. Shikamoo, habari za watoto, za shamba, karafuu mwaka huu vipi. Mtu anapima hapo kama una haraka. Mara nyingi jambo lenyewe huchungulia humo humo: "Watoto wazima, ila baba yao ndo hivyo." Hilo "ndo hivyo" liweke, utalirudia.

2. Tumia neno lake. Mwaka wangu wa kwanza nilimwambia mama mmoja kuwa ana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Akanitazama. "Yaambukiza, mwanangu?" Yeye alikuwa amesema moyo mzito na usingizi umempaa. Sonona iandike kwenye faili.

3. Uliza bila kushitaki. "Mbona hukuja mapema?" ni lawama hata ukiisema kwa upole, na "kwa nini" haiko mbali. Sema "Ilikuwaje siku hiyo?" kisha nyamaza. Vuta pumzi tano kabla hujaongeza neno. Usiharakishe pole wala "subira, mama": akishapoozwa, ataona haya kuendelea.

4. Mtenganishe na kinachomsumbua. Hapa ndipo penye utamu. Michael White wa Australia na David Epston wa New Zealand waliijenga tiba ya masimulizi, ya kumsaidia mtu kuisimulia upya hadithi ya maisha yake, juu ya wazo hili. Sisi Kiswahili kimeshatufanyia nusu ya kazi: hofu imenishika, hasira zimenipanda, mawazo yamenijia. Kitu kilichokuja, unaweza kuuliza kilipitia wapi. Na mama mwingine tuliongea hivi:

"Mawazo yananijia usiku."

"Huja saa ngapi?"

"Saa nane, watu wameshalala."

"Yakifika yanakwambiaje?"

"Kuwa mimi si mama wa maana."

"Hakuna usiku yalipokosa njia?"

Akakaa kimya, akikunja na kukunjua ncha ya kanga. "Msimu wa karafuu. Tulikuwa tukichambua barazani, nikienda kulala silijui hili wala lile."

Nikadhani ni uchovu. Nusura niseme afanye kazi zaidi! Bahati nikauliza: "Ulikuwa na nani?"

"Wifi yangu. Yule ukikaa naye ni kucheka tu."

Kumbe wifi. Kikao kizima kilichobaki tulimzungumza huyo wifi, anakaa wapi na kwa nini siku hizi haji.

Mteja akisema ni jini, usibishane wala usimthibitishie. Uliza vilevile: huja lini, nini hulituliza? Kisomo cha Qurani aendelee nacho, dawa alizoandikiwa asiziache.

5. Hatari iulize wazi. "Mawazo hayo yanakwambia ujitoe roho?" Kuuliza hakumpi mtu wazo hilo. Akisema ndiyo, usimwache peke yake. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, pamoja na mtu wa nyumbani anayemwamini.

6. Agana kwa siku na wakati. Ukiuliza "Utakuja tena?" utajibiwa "Inshallah," na huku hiyo yaweza kuwa ndiyo, yaweza kuwa hapana ya heshima. Uliza: Jumatano, kabla ya adhuhuri au baada ya alasiri? Sikiliza kinachofuata. Yule mama alisema, "Baada ya alasiri. Mtoto nitamwacha kwa wifi."