Maji na mkate kwenye njia ya mahujaji ya GR 65
Ukitembea GR 65, njia ya miguu ya mahujaji waendao Santiago de Compostela, Hispania, kutoka mji wa Le Puy-en-Velay, Ufaransa, nunua mkate na jibini asubuhi. Maduka mengi ya vijijini Ufaransa hufungwa mchana kwa saa mbili hivi, na Jumatatu mengine hayafunguliwi kabisa. Beba lita 2 za maji, hasa kwenye uwanda wa Aubrac ambako kivuli ni haba. Yakiisha, jaribu makaburini: mara nyingi pana bomba la kumwagilia maua. Penye maandishi "eau non potable" (maji yasiyofaa kunywa) usinywe, hata kama maji yanameremeta. Alama ya njia ni mstari mweupe juu ya mwekundu. Ukikuta rangi hizo zimepishana kama X, umekosea njia, rudi hadi alama ya mwisho uliyoiona.