Somo: Lulu nyeusi za Pasifiki zinavyofugwa

Wadau, leo twende Polinesia ya Kifaransa na Visiwa vya Cook. Chaza wao (kiumbe wa baharini mwenye maganda mawili, ndimo lulu inamokua) ni yule wa mdomo mweusi, Pinctada margaritifera. Hata pwani yetu yupo.

Hatua ya 1. Kunasa wachanga. Baada ya kuanguliwa, chaza huelea kama wiki tatu, kisha hutafuta pa kushika. Mfugaji huning'iniza vipande vya neti nyeusi ya kivuli kwenye kamba ndefu yenye maboya na nanga. Hii ni kazi ya familia yoyote.

Hatua ya 2. Kulea. Wakishakua kidogo hubanduliwa, ganda hutobolewa tundu ukingoni, hufungwa kwenye kamba. Sasa ndipo jasho linapotoka: mwani na sponji huwafunika, konokono huwatoboa, kikande na taa huwavunja. Usiposafisha mara kwa mara, umefuga uchafu.

Hatua ya 3. Kupandikiza. Chaza akifika kama sentimita 10, fundi humfungua kidogo tu, humpasua kwenye kiungo cha uzazi, kisha hutia kiini cha duara kilichochongwa kwa ganda la kome wa mtoni kutoka Marekani. Pembeni yake huweka kijipande cha nyama ya joho (ngozi laini inayojenga ganda) la chaza mwingine. Kijipande hicho ndicho kinachojenga lulu, kwa hiyo rangi humfuata aliyekatwa nyama, siyo aliyebeba mimba.

Hatua ya 4. Kungoja miezi 18 hadi 24. Aliyetoa lulu safi hutiwa kiini kikubwa zaidi.

MASWALI

Mwalimu, fundi ni ghali. Nifanyeje?
Fanya kama visiwa vya Vava'u, nchini Tonga, huko huko Pasifiki: lulu nusu, yaani zinazoota zikiwa zimeshikana na ganda. Wanatumia chaza Pteria penguin, wanagandisha vijiumbo vya plastiki ndani ya ganda, na baada ya takriban mwaka wanavuna. Ganda lenyewe linachongwa mapambo. Kina mama wa Fumba, Unguja, nao wamezifuga.

Kwani nikijaza chaza wengi si nitavuna zaidi?
Manihiki, Visiwa vya Cook, walijaza. Mwaka 2000 ugonjwa ukaingia, uzalishaji ukaporomoka. Achia nafasi maji yapite.

Lulu yangu ikitoka na pete-pete, yaani mistari inayoizunguka, nitupe?
Usitupe, ndugu! Bei hushuka, lakini sonara anazinunua.