Antena ya redio kolo huanzia kuoza chini

Madereva wa magari ya safari, ukiona unawasikia wenzako vizuri lakini wao hawakupati, usikimbilie kulaumu redio. Anza na kitako cha antena. Kule Serengeti na Ngorongoro fimbo inatikisika kutwa nzima kwenye barabara za mashimo, vumbi linaingia, mvua inakuja kumalizia kazi. Kwa nje fimbo inaonekana nzima, kumbe kitakoni pamejaa kutu.

Fungua, kisha piga msasa mpaka chuma king'ae pale kitako kinapogusa bodi ya gari. Bodi ni nusu ya antena; rangi au kutu ikikaa katikati, mawimbi hayaendi mbali. Halafu menya kidogo ncha ya kebo. Nyuzi zikiwa nyeusi au za kijani, maji yameshapanda ndani, badilisha kebo yote. Kuunga ni kujisumbua, nimejaribu.

Fimbo mpya iwe ya masafa (frikwensi) yenu. Ile ya robo wimbi, yaani yenye urefu wa robo ya wimbi moja la redio, kwa megahezi 150 ina urefu wa karibu sentimita 50, kwa hiyo usidanganywe na urefu. Fundi aikate kidogo kidogo huku akipima kwa mita ya SWR, inayoonyesha nguvu inavyorudi kwenye redio badala ya kwenda hewani: chini ya 1.5 ni safi, ikifika 3 acha kurusha, unaweza kuunguza redio. Ukishakaza, paka silikoni kwa nje tu. Ikiingia kati ya chuma na chuma, umerudi ulikotoka.