Mwajiri akitangaza kupunguza wafanyakazi: haki zako katika kipindi cha mashauriano

Mfanyakazi anayepokea barua ya kusudio la kupunguza wafanyakazi mara nyingi huuliza kwanza atalipwa kiasi gani. Swali hilo ni la msingi, lakini lina wakati wake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, Sura ya 366, inayotumika Tanzania Bara, imeweka kipindi cha mashauriano kati ya kusudio la mwajiri na uamuzi wake, na yale utakayoyasema na kuyaandika katika kipindi hicho ndiyo yatakayoyapa nguvu madai yako, au kuyadhoofisha, endapo mtafikishana mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Mwongozo huu unawahusu hasa wafanyakazi wa sekta binafsi ambao wamekwisha kufanya kazi kwa mwajiri wao miezi sita au zaidi, kwa kuwa walio chini ya muda huo hawalindwi na masharti ya sheria kuhusu kuachishwa kazi isivyo halali.

Anza kwa kuisoma barua yenyewe kwa utulivu. Kifungu cha 38 cha sheria hiyo, kama ilivyotungwa mwaka 2004, kinamtaka mwajiri atoe taarifa mara tu anapokusudia kupunguza wafanyakazi, yaani wakati jambo bado linaweza kubadilishwa. Barua inayotaja kusudio na kuwaita wafanyakazi kwenye kikao inafuata utaratibu. Barua inayotaja siku yako ya mwisho kazini pamoja na hesabu ya malipo yako imekwisha kuamua, hata kama kichwa chake kinasema ni mashauriano. Tunza nakala yake, andika tarehe uliyoipokea, na usiisaini zaidi ya kuthibitisha kwamba umeipokea.

Mashauriano yanapaswa kugusa mambo matano: sababu za kupunguza wafanyakazi, hatua za kuepuka au kupunguza athari zake, namna watakaoondoka watakavyochaguliwa, lini zoezi litafanyika, na malipo yatakayotolewa. Ili mazungumzo hayo yawe na maana, mwajiri analazimika kutoa taarifa zote zinazohusika, na hapa ndipo wafanyakazi wengi hujinyima haki kwa kunyamaza. Andikeni barua fupi ya kuomba taarifa hizo kabla ya kikao. Ikiwa sababu iliyotolewa ni hali mbaya ya kiuchumi, ombeni kuona hesabu zinazoionyesha. Ikiwa ni mitambo mipya, ulizeni ni kazi zipi hasa zitachukuliwa na mitambo hiyo. Ikiwa ni mabadiliko ya muundo, ombeni muundo wa zamani na ule mpya ili mvilinganishe. Mwajiri anayedai kuwa nafasi yako haihitajiki tena huku akitangaza ajira ya nafasi hiyohiyo kwa jina jingine ana swali zito la kujibu, na ni vyema swali hilo likaulizwa kikaoni na kuingia kwenye kumbukumbu.

Anayeshauriwa ni nani? Pale penye chama cha wafanyakazi kinachotambuliwa mahali pa kazi, mwajiri hushauriana na chama hicho. Vilevile hushauriana na chama kingine kilichosajiliwa ambacho kina wanachama wasiowakilishwa na kile kinachotambuliwa, pamoja na wafanyakazi wasiokuwa na chama chochote. Kwa hiyo kutokuwa mwanachama hakukuondolei haki ya kusikilizwa. Kama hamna tawi, chagueni wawakilishi wachache mnaowaamini na mjulisheni mwajiri majina yao kwa maandishi.

Vigezo vya kuchagua nani abaki na nani aondoke vinahitaji umakini kuliko jambo jingine lolote, kwa sababu ndimo upendeleo hujificha. Kanuni za Utendaji Bora, zilizochapishwa kwa Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007, zinazungumzia vigezo kama urefu wa utumishi, ujuzi, uzoefu, sifa za kitaaluma na haja ya kubakiza kazi muhimu. Uanachama wa chama cha wafanyakazi au ujauzito hauwezi kamwe kuwa kigezo cha haki. Kigezo cha "utendaji" kikitajwa, ulizeni kimepimwa kwa nyaraka zipi na kwa kipindi gani. Tathmini iliyoandaliwa wiki moja kabla ya zoezi haina uzito sawa na zile za miaka iliyotangulia.

Nanyi nendeni na mapendekezo. Kusimamisha ajira mpya, kuondoa saa za ziada, kupunguza saa za kazi kwa muda, kuwahamishia baadhi ya watu idara nyingine, au kuwaruhusu wanaotaka kuondoka kwa hiari ni hatua ambazo mwajiri anapaswa kuzijadili kwa dhati, na akizikataa aeleze sababu. Jihadhari, hata hivyo, na kukataa kwa hasira nafasi mbadala unayopewa. Sheria inaruhusu mfanyakazi anayekataa kazi mbadala bila sababu ya msingi anyimwe kiinua mgongo. Kama kazi hiyo haikufai, kwa mfano kwa kuwa mshahara wake umeshuka sana, jibu kwa barua inayoeleza sababu hizo.

Ombeni muhtasari wa kila kikao, na kama una makosa, yasahihisheni kwa maandishi. Halafu kuna suala la sahihi. Mfanyakazi aliyesaini makubaliano ya kuondolewa na kupokea malipo huwa katika hali ngumu sana akirudi baadaye kudai kwamba hakushirikishwa. Omba muda, ipeleke hati kwa afisa wa chama au wakili, kisha uamue. Msipofikia makubaliano, sheria inataka suala lipelekwe kwenye usuluhishi, na mwajiri hapaswi kuchukulia ukimya wa kikao cha mwisho kama ridhaa.

Sasa tugeukie malipo. Kiinua mgongo cha kisheria ni angalau mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika wa utumishi mfululizo, kisizidi miaka 10, na hulipwa kwa aliyefikisha angalau miezi 12. Tuseme mshahara wa msingi ni shilingi 780,000 kwa mwezi kwa anayefanya kazi siku 6 kwa wiki. Kiasi hicho kikigawanywa kwa siku 26, mshahara wa siku ni takriban shilingi 30,000, hivyo aliyetumikia miaka 8 na miezi 5 atapata 30,000 mara 7 mara 8, yaani shilingi 1,680,000. Hicho ni kima cha chini tu. Kiwango cha juu zaidi kinaweza kujadiliwa, na mkataba wa hali bora kazini, yaani makubaliano kati ya mwajiri na chama cha wafanyakazi, unaweza kuwa tayari umekiweka. Juu yake kuna mshahara wa siku ulizofanya kazi, malipo ya likizo ambayo hukuichukua, notisi isiyopungua siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi au malipo badala yake, na usafiri wako na mizigo yako ikiwa uliajiriwa mahali pengine. Dai pia cheti cha utumishi.

Ukiachishwa na unaamini sababu au utaratibu haukuwa halali, peleka shauri CMA ndani ya siku 30 tangu tarehe ya kuachishwa. Fomu ya shauri humfikia mwajiri kwanza, kisha huwasilishwa kwenye ofisi ya Tume pamoja na uthibitisho kwamba ameipokea. Muda ukipita itakubidi uombe kuongezewa kwa kutoa sababu nzito. Ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha kwamba hatua yake ilikuwa ya haki, lakini barua ulizoandika wakati wa mashauriano ndizo zitakazomfanya ashindwe kudai kwamba hukuwa na hoja. Mbele ya Tume unaweza kuwakilishwa na afisa wa chama, wakili, au mwakilishi uliyemchagua.

Usisahau Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF). Mwanachama ambaye hakuacha kazi kwa hiari yake na aliyechangia angalau miezi 18 anaweza kuomba fao la kukosa ajira, kwa hiyo hakikisha barua ya kuachishwa inataja wazi kwamba umepunguzwa, na kagua taarifa yako ya michango ukiwa bado kazini, kwa kuwa mwezi ambao haukuwasilishwa ni rahisi kuufuatilia wakati ofisi ya rasilimali watu bado inapokea simu zako.