Somo: Feni, Kiyoyozi na Namna ya Kupoza Nyumba Wakati wa Joto

Ndugu wanachama, kuna jambo moja ambalo likieleweka vizuri, maamuzi mengine yote huwa mepesi: feni humpoza mtu, kiyoyozi hupoza chumba. Feni haishushi joto la hewa hata kidogo. Ukiweka kipimajoto mbele ya feni inayozunguka katika chumba kilichofungwa, kitasoma vilevile kilivyosoma kabla, na baada ya saa kadhaa huenda kikapanda kidogo kwa kuwa mota yenyewe hutoa joto. Kinachokupoza ni jasho lako, kwa sababu upepo huliondoa tabaka la hewa yenye joto na unyevu linalokaa juu ya ngozi, jasho likakauka upesi, na katika kukauka kwake likauchukulia mwili joto. Anayetaka kuhakikisha alowanishe kidole kimoja, aache kingine kikavu, kisha avinyooshe vyote viwili mbele ya feni.

Kiyoyozi hufanya kazi nyingine kabisa: gesi inayozunguka ndani ya mabomba yake hulibeba joto la chumbani na kwenda kulitupa upande wa pili wa ukuta. Hewa inapopita kwenye mabomba yaliyopoa, mvuke uliomo hugeuka maji, ndiyo maana mpira wake wa nje hudondosha maji mchana kutwa. Kwa hakika unyevu ndio uliokuwa shabaha ya mwanzo, kwani Willis Carrier aliposanifu mtambo wake mwaka 1902, alikuwa akitafuta dawa ya unyevu katika kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, ambako karatasi zilivimba na kusinyaa hata rangi zikakosa kukaa mahali pake.

Hatua ya kwanza ni kulizuia joto lisiingie, na hapa ndipo wengi wetu hupoteza fedha. Weka kiganja kwenye kioo cha dirisha linalotazama magharibi saa kumi alasiri, nawe utajua joto linapita wapi. Kivuli cha nje, kiwe cha mti, turubai au luva, ni bora kuliko pazia la ndani, kwa kuwa mwanga wa jua ukishapenya kioo, sehemu kubwa ya joto lake imekwisha kuingia. Maadamu nje kuna joto kuliko ndani, funga madirisha. Mengi tumezoea kuyaacha wazi mchana kutwa tukidhani tunapata hewa, kumbe tunakaribisha joto.

Hatua ya pili ni ya usiku, hewa ya nje inapokuwa imepoa kuliko ya ndani. Fungua dirisha la upande unakotoka upepo, kisha nenda kwenye dirisha la upande wa pili na uweke feni ikitazama nje, hatua moja hivi kutoka dirishani, ili ikokote hewa nyingi zaidi kuliko inayopita kwenye mapanga yake peke yake. Ning'iniza kipande cha karatasi laini kwenye dirisha la kwanza: kikiinama kuelekea ndani, umeipanga vizuri.

Hatua ya tatu ni kupima kama feni inatosha. Upepo wa kasi ya mita 1 hivi kwa sekunde humfanya mtu ahisi kama joto limepungua kwa nyuzi 2 au 3, na kwa mtu mwenye afya anayekunywa maji ya kutosha, hilo linatosha siku nyingi. Lakini Shirika la Afya Duniani linaonya kwamba hewa ikizidi nyuzi 40 za Selsiasi, feni huupasha mwili joto badala ya kuupoza. Kwa wazee mpaka huo huja mapema zaidi, kwa sababu hawatoki jasho kama vijana. Naliandika hili kwa uzito, kwani niliwahi kumkuta mama yangu mzazi ameketi mbele ya feni mchana wa joto kali, ngozi kavu, mikono ya moto, akisema hana tatizo lolote. Nilimfuta kwa kitambaa chenye maji huku feni ikiendelea, kisha nikamhamishia kwenye chumba chenye kiyoyozi. Kwa mzee, mgonjwa au mtoto mchanga, usibane matumizi ya kiyoyozi siku ya namna hiyo.

Hatua ya nne ni kuvitumia vyote viwili. Pangaboi la wati 60 likizunguka saa 8 hutumia takriban nusu uniti ya umeme, ilhali kiyoyozi kinachovuta wati 1,000 kikifanya kazi saa hizo hizo bila kupumzika hutumia uniti 8, yaani sawa na pangaboi hilo kwa usiku 16 hivi. Weka kiyoyozi kwenye nyuzi 27 na uwashe feni, nawe utahisi baridi ya nyuzi 23 kwa gharama ndogo zaidi. Safisha pia chujio kila baada ya wiki chache, kwani vumbi huziba njia ya hewa.

MASWALI YA WANACHAMA

Je, nikiweka beseni la barafu mbele ya feni, si nimepata kiyoyozi cha bei nafuu?

Utapata upepo wa baridi kwa muda, ukiwa karibu. Hata hivyo kilo 1 ya barafu ikiyeyuka yote hufyonza joto ambalo kiyoyozi cha kawaida cha chumba cha kulala, cha BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha uwezo wa kupoza), hulitoa kwa dakika moja na nusu hivi. Tena friji iliyoigandisha barafu hiyo imetupa joto jingi zaidi humohumo nyumbani.

Nikiweka nyuzi 16, chumba hakitapoa haraka zaidi?

Kiyoyozi cha kawaida hakina mwendo wa pili. Kompresa, yaani pampu inayoisukuma gesi, hufanya kazi kwa nguvu ileile, tofauti ni kwamba haitasimama chumba kifikapo kiwango ulichokihitaji. Cha inveta, yaani kinachoweza kubadili kasi ya kompresa, nacho huanza kwa nguvu chenyewe, kisha hupunguza kinapokaribia.

Je, niiache feni ikizunguka ili nikirudi nikute chumba kimepoa?

Hapana. Chumba kisicho na mtu hakina jasho la kukausha, kwa hiyo izime utokapo.

Pangaboi langu lina swichi ndogo ubavuni. Ni ya nini?

Hugeuza mzunguko. Simama chini yake: wakati wa joto unatakiwa uhisi upepo ukikushukia moja kwa moja. Usipouhisi, zima, subiri mapanga yasimame kabisa, ndipo ugeuze swichi.