Kifaransa: kariri kivumishi kwa umbo la kike kwanza

Kwa mnaojifunza Kifaransa ili muelewane na wateja wa dagaa kutoka Kongo na Burundi pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza: anzeni na umbo la kike. Une barque verte, mtumbwi wa kijani. T inasikika wazi. Kwenye un filet vert, wavu wa kijani, ondoa e, na hapo t inanyamaza. Vivyo hivyo d ya grande/grand (kubwa) na lourde/lourd (zito). Ukianza na vert, sikio halikupi dalili yoyote kwamba kuna t, na hapo ndipo wengi hukwama. Blanche (nyeupe) huwa blanc: sauti inakatika vilevile, ila tahajia iangalie. Njia hii inagoma kwa belle/beau (zuri), nouvelle/nouveau (mpya) na vieille/vieux (zee). Hizo kariri jozi nzima. Marron (rangi ya kahawia) haibadiliki kabisa, hata kwenye wingi.